Nguzo Mama bwaloni Dodoma: mfumo dume unaigizwaje bila watu kucheka pasipochekesha?

Mwalimu wa Fasihi

Habari za leo wakuu. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa Fasihi na watu wa sanaa za maonesho.

Klabu ya maigizo ya kidato cha tano na sita, wanafunzi 22: wasichana 14, wavulana 8. Tumepewa dakika 60 Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, maswali yakiwa humohumo. Ukumbi ni bwalo, paa la bati, hakuna taa za jukwaa wala maiki ya maana. Watazamaji ni wanafunzi wenzao pamoja na wazazi wa mjini, Chamwino na Bahi. Mazoezi ni wiki sita, siku tatu kwa wiki.

Tunasita kati ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, na Anowa ya Ama Ata Aidoo, ambayo ningeitafsiri kwa vipande. Shida ni tatu. Kwanza, uchambuzi: wape tamthilia yoyote, jibu ni lilelile, "mwanamke anakandamizwa na mila potofu". Uliza mila ipi, kimya. Pili, mke akipigwa jukwaani bwalo zima linaangua kicheko, wasichana wakiwamo. Tatu, wenzangu wanataka tuweke ngoma ya Kigogo, nami naogopa ikawa pambo tu la kukaribishia mgeni rasmi.

Nawasilisha.

Mchambuzi wa Ipagala

Mwalimu, chukua Nguzo Mama. Kwanza ni hesabu tu: una wasichana 14, na kijiji cha Patata, ambako wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo, kina kazi ya kuwatosha, ilhali The Lion and the Jewel inabebwa na watu wanne, nusu yao wanaume. Anowa iache kwa darasani. Ina utajiri mwingi, ila kuitafsiri na kuifanyia mazoezi ndani ya wiki sita ni kujitafutia maradhi.

Kuhusu uchambuzi, tatizo ni neno "mila" lenyewe. Limekuwa gunia, kila kitu kinatumbukizwa humo. Lipige marufuku kwa wiki mbili. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuandika "mila" atalazimika kuandika mahari, mirathi, kurithiwa kwa mjane, ugumba, nani anaitisha kikao, nani anapika wakati kikao kinaendelea. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza.

Kisha kila onesho walichambue kwa safu nne: mali ni ya nani, anayeongea ni nani, nani anaondoka jukwaani kwa amri ya nani, na nani anatekeleza adhabu. Safu ya nne ndiyo inayowashtua, kwa sababu mara nyingi mtekelezaji si mwanamume. Kwenye Anowa anayembana binti ni mama yake, Badua. Baba, Osam, ndiye aliyeona heri binti awe kuhani. Kwenye The Lion and the Jewel anayepeleka posa ya mzee Baroka, mwenye miaka 62, ni mke wake mkubwa, Sadiku.

Tena wasikurupuke kwenye mahari. Kwenye The Lion and the Jewel, Sidi, msichana anayeposwa, ndiye anayeidai. Lakunle, mwalimu msomi, ndiye anayeikataa. Ukisoma haraka utampa Lakunle tuzo ya utetezi wa wanawake. Lakini Lakunle huyohuyo anamwambia Sidi kwamba ubongo wa mwanamke ni mdogo, eti vitabu vimethibitisha. Na Sidi ana sababu yake: akiolewa bila mahari kijiji kitasema hakuwa bikira. Kwake mahari ni hati ya heshima, hata kama hati hiyo imeandikwa na wanaume. Anayekosa kuona pande zote mbili anaandika insha ya darasa la saba.

Mtego mwingine, na huu unawanasa hata walimu: wanafunzi wanaandika kwamba Anowa anaonewa na "ukoo wa baba". Anowa ni wa Wafante wa Ghana. Wafante ni Waakan, na Waakan wanahesabu ukoo kwa mama. Mjomba ana sauti kuliko baba. Hata hivyo Kofi Ako, mume wa Anowa, anajitajirisha kwa watumwa, anamnyamazisha mkewe na kumtaka aondoke. Kwa hiyo kuhesabu ukoo kwa mama hakuondoi mfumo dume, kunabadilisha tu ni mwanamume yupi anayeshika ufunguo. Hapa kwetu mfano uko jirani: Wagogo wanafuata upande wa baba, ukivuka Kongwa ukaingia Gairo unakutana na Wakaguru, ambao kwa jadi hufuata upande wa mama. Penina Muhando mwenyewe ni wa mkoa wa Morogoro. Waulize wanafunzi: mjane wa Kongwa na mjane wa Gairo, kwa jadi, nani anakuja kuhesabu mbuzi baada ya arobaini?

Fundi wa Jukwaa

Mimi nitasema ya mikono tu.

Nguzo yenyewe ndiyo itakayokula muda wenu. Watu hukimbilia mti wa mkaratusi. Acheni. Mti mbichi wa mita 3 wenye unene wa sentimita 15 unakaribia kilo 50, na ukiwaangukia watoto mmehama kutoka tamthilia kwenda hospitali. Chukua bomba la plastiki la maji taka, inchi 6, mita 3. Livilingishe magunia yaliyochovywa kwenye gundi ya mbao, nyunyizia maranda na udongo mwekundu kabla gundi haijakauka. Kwa mita tano tu hakuna atakayejua si mti. Kitako kifungwe kwa bawaba mbili kwenye ubao wa mita moja kwa moja, na ubao ukandamizwe kwa viroba vinne vya mchanga.

Kinachoharibika mara nyingi: nguzo ni nyepesi, wasichana wanajifanya wanavuta, na watazamaji wanaona uongo papo hapo. Kuna dawa. Nguzo ilale kichwa kikielekea pazia la nyuma. Funga kamba nane za katani za mita 4 kwenye urefu wa mita 2 wa nguzo, hizo ni za wasichana, upande wa watazamaji. Kamba ya tisa ifungwe upande wa pili, ipite chini ya pazia, ishikwe na wavulana wawili wasioonekana. Wao ndio uzito. Wasichana wanavuta kweli, jasho linatoka kweli, wavulana wanaachia kidogo kidogo. Pitisha kamba ya tisa kwenye tundu la ubao wa nyuma na upige fundo nene upande wa wavulana, ili likwame hapo na nguzo isipite nyuzi 60. Ikikaribia kusimama wima itawapitia wasichana kichwani.

Mwanamke mmoja akiacha kamba, wavulana warudishe kama shubiri moja. Wa pili akiacha, shubiri nyingine. Isidondoke ghafla. Watazamaji wanapaswa kuiona inavyorudi chini huku waliobaki wakizidi kujinyonga. Viganja vifungwe vitambaa vya kanga, katani inachuna. Miguu pekupeku, ndala kwenye saruji huteleza.

Kicheko cha kipigo: watu hawacheki kwa sababu ni wabaya. Wanacheka kwa sababu wanaona kofi la uongo, wanamwona fulani wa kidato cha sita kavaa tumbo la mto, na mlevi wa jukwaani wameshamzoea kwenye vichekesho vya runinga. Mwondoleeni mume tumbo la mto, kofia ya upande na kupepesuka. Awe mwanamume msafi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Kipigo kifanyike nyuma ya pazia: mkanda juu ya kiroba cha pumba, mapigo matano, nafasi isiyo sawa kati ya pigo na pigo. Jukwaani wabaki wanawake wawili wanachambua mchele kwenye ungo. Pigo la kwanza mikono inasimama. La pili wanaendelea kuchambua, na hawaangaliani. Baada ya la tano, hesabuni kimoyomoyo mpaka saba kabla mtu hajatamka neno. Saba ni ndefu sana ukiwa jukwaani, na waigizaji wataikatisha kwenye tatu. Mwongozaji asimame mlangoni awahesabie kwa vidole.

Shangazi wa Area C

Wanangu mmesema vizuri, lakini mnaelekea shimoni na sijamsikia aliyelitaja.

Nguzo haisimami. Wanawake wa Patata wanashindwa kuiinua. Sasa fikirini wazazi wanatoka bwaloni. Watasema nini? "Si unaona, wanawake wenyewe hawapendani. Adui wa mwanamke ni mwanamke." Na ile safu ya nne ya Mchambuzi, ya nani anatekeleza adhabu, itawapa ushahidi: Badua, Sadiku, wifi, mama mkwe. Mtakuwa mmewafundisha watoto wenu kuutetea mfumo dume kwa ushahidi wa kitaaluma.

Swali linalokosekana ni malipo. Anayetekeleza analipwa nini? Sadiku hakuamka asubuhi akawa mke mkubwa. Alikuwa mke wa mwisho wa mtawala aliyetangulia, yule akafa, akarithiwa na Baroka, na kurithiwa huko ndiko kulikompa ukubwa. Cheo chake chote kimetoka kwenye desturi hiyo. Ndiyo maana anaweza kumtongozea mume wake msichana mbichi, kisha siku hiyohiyo, akidhani mzee nguvu zimemwisha, akacheza kwa furaha mbele ya kinyago chake. Mwanamke huyohuyo mmoja. Mwanafunzi akiweza kueleza mambo hayo mawili kwa sababu moja, mpe alama zote.

Jukwaani mfanye hivi: asiwepo mwanamke anayeacha kamba kwa sababu ya "wivu" tu. Kila kamba inapodondoka, watazamaji wasikie aliyeita. Na mwitaji asiwe jukwaani. Wavulana sita waliobaki wakae miongoni mwa wazazi, nguo za kawaida, kama watazamaji. Mmoja anaita "We mama, chakula kiko wapi?" kutoka benchi la tatu. Mwingine yuko mlangoni: "Shemeji, kikao cha ukoo kimeanza." Mwingine anaita kwa habari ya mkopo. Sauti ya kawaida kabisa, bila ukali. Wazazi watageuka kumtazama jirani yao. Mkiweka ukali, kila mwanamume bwaloni atasema "mimi siko hivyo" na kupumua.

Bi Msimulizi msimpunguzie maneno ili kuokoa dakika, ingawa najua ndiye wa kwanza kukatwa. Hadithi za vijiji vyetu zimejaa wanawake wanaosimuliwa, na hapa mwanamke ndiye mwenye hadithi mkononi. Kateni kwingine. Tukio la mjane na ndugu wa marehemu libaki zima. Nyingine zinaweza kupunguzwa hadi theluthi.

Msomaji wa Sheria

Naongezea kwenye hilo la mjane, maana wanafunzi hudhani ni mambo ya kale.

Nguzo Mama ilichapishwa 1982. Wakati huo Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa na miaka kumi na moja, na kifungu cha 66 tayari kilikuwa kimekataza kumpiga mwenzi wa ndoa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hiyo ni talaka. Mume akifa mambo yanageuka: kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinamnyima mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kumwachia atunzwe na watoto. Kwa hiyo shemeji anayebeba kabati jukwaani si mwizi wa kuchekesha. Ana karatasi. Mpeni karatasi mkononi, na aisome taratibu. Inatisha kuliko kupiga kelele.

Wenye muda walinganishe na Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, 1988. Martha anagombania kumzika mume wake Herbert, ukoo unamtaka, na nyuma ya tamthilia kuna shauri la kweli la Kenya la maziko ya wakili S. M. Otieno, lililomalizika 1987 kwa ukoo kushinda. Pale mali inayogombaniwa ni maiti.

Mkitoza kiingilio, ombeni kibali cha mchapishaji kwa maandishi.

Zeze na Muheme

Nimeona ngoma imesahaulika.

Muheme kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake. Mpigaji anaibana katikati ya mapaja, mwili wa ngoma ni mwembamba katikati, mikono miwili juu ya ngozi. Asili yake imefungamana na unyago, ambao kwa jadi uliambatana na ukeketaji. Sasa, mwalimu, fikiria nani amekaa bwaloni. Utafiti wa kitaifa wa watu na afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara. Kuna kina mama watakaoisikia muheme kwa sikio tofauti kabisa na la mgeni rasmi. Ukiipiga kama shangwe ya kufungulia pazia, umewaambia uongo kuhusu maisha yao wenyewe. Ila ukiiacha nje kabisa, umewanyang'anya ngoma ambayo wanawake ndio wenye mamlaka nayo, jambo ambalo si la kawaida.

Ushauri: msiigize unyago jukwaani, hata kidogo. Muheme ziwe tatu, kando ya jukwaa, wapigaji waonekane. Zipigwe wakati wa kuvuta tu. Mtu akiacha kamba, mpigaji mmoja anaondoa mkono, mdundo unatoboka lakini hausimami. Wanne wakiacha, ibaki ngoma moja. Nyimbo zenyewe, waigizaji wawaulize bibi zao ni zipi zinaruhusiwa hadharani, kabla ya kuanza kuzifanyia mazoezi.

Mwalimu wa Fasihi

Wakuu, sina la kusema. Shangazi, shikamoo, hilo la sauti kutoka kwenye mabenchi nimelichukua. Nabaki na mawili. Mwisho: nguzo ikishalala, tunafanyaje? Na majadiliano: kila mara yanaishia kwa mtu mzima kusimama na kutoa hotuba ya dakika kumi.

Shangazi wa Area C

Marahaba mwanangu. Mwisho, msiongeze kitu. Kishawishi kitakuwa kumleta msichana mdogo anayeinua nguzo peke yake, wimbo, makofi. Penina Muhando hakuiinua, msimsaidie. Kama unataka mfano wa mwandishi anayempa mwongozaji uhuru, uko kwenye Anowa: Aidoo ameeleza kwamba unaweza kuimaliza pale Anowa anapotoka jukwaani, au ukaendelea hadi onesho la mwisho ambapo wazee wawili wa kijiji wanabaki kubishana nani alaumiwe. Hilo la pili ndilo kali zaidi, maana unawaona watu wazima wakigawana lawama kama nyama, mtu akiwa ameshakufa. Nanyi mna hilo bure: nguzo imelala, wazazi wapo, majadiliano yenyewe ndiyo wale wazee wawili.

Fundi wa Jukwaa

Majadiliano. Fuateni njia ya Tuseme, mradi uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 ukiongozwa na Penina Mlama, ndiye huyohuyo Muhando, na Amandina Lihamba: wanafunzi wenyewe wanataja tatizo, wanalichambua, wanaliigiza, wanalijadili, kisha wanapanga cha kufanya. Mtu mzima si msemaji mkuu.

Igizo liwe dakika 35, si zaidi. Dakika 10 za kwanza za majadiliano ni makundi, kina mama peke yao, kina baba peke yao, wasichana na wavulana vivyo hivyo. Mkianza na mkutano mzima, mama hataongea mbele ya mkwe wake. Dakika 15 zinazobaki kila kundi linatoa msemaji, dakika mbili kila mmoja, mtunza saa awe mwanafunzi mwenye filimbi na asiyeogopa. Swali lisiwe "mmejifunza nini?". Utaambiwa mwanamke ni nguzo ya familia na mtakwenda kula pilau. Ulizeni: kamba ya tatu ilidondoka kwa sababu ya nani, na yule aliyeita angeweza kufanya nini badala ya kuita? Swali linamhusu mtu mmoja na kitendo kimoja, halina pa kuponyokea.

Na mwalimu, Machi kwetu bado ni mvua, na mara nyingi inashuka alasiri. Bati likianza kulia hata Bi Msimulizi mwenye koo la chuma hasikiki. Ombeni saa nne asubuhi, milango ya mashariki wazi ili mwanga uingie ubavuni mwa jukwaa. Ngozi za muheme nazo zitakuwa zimelegea kwa unyevu, mtu aziweke juani tangu saa mbili, na jiko la mkaa liwe tayari nyuma ya bwalo kama hakuna jua.